Alice Catherine Evans

Alice Catherine Evans (29 Januari 1881 – 5 Septemba 1975) alikuwa mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba bakteria anayewafanya ng'ombe watupe mimba ni ndugu wa karibu sana wa bakteria anayewaletea binadamu homa ya Malta. Kutokana na ugunduzi huo alionya kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe, hata ya ng'ombe anayeonekana mzima, yanaweza kumwambukiza anayeyanywa. Ugonjwa huo leo huitwa bruselosisi, au brusela kwa kifupi.

Wataalamu wengi wa wakati wake hawakumwamini. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi maoni yake yakubaliwe na watu wengi, na katika miaka hiyo yeye mwenyewe aliambukizwa ugonjwa aliokuwa akiuchunguza. Mwaka 1928 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Wanabakteria wa Marekani.

Maisha ya awali na elimu

Evans alizaliwa katika kijiji cha Neath, wilaya ya Bradford, jimbo la Pennsylvania. Baba yake, William Howell Evans, alikuwa mkulima na mpima ardhi. Mama yake aliitwa Anne. Familia ilikuwa na asili ya Wales. Akiwa mtoto mdogo, yeye na kaka yake Morgan waliugua homa nyekundu wakapona.

Alisoma katika chuo cha sekondari cha Susquehanna mjini Towanda, ambako alicheza katika timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Baada ya kumaliza alifundisha shule ya msingi kwa miaka minne. Wakati huo ualimu ulikuwa mmojawapo wa milango michache iliyokuwa wazi kwa msichana aliyesoma, na familia yake haikuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu.

Nafasi ilipatikana Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, ambako Kitivo cha Kilimo kilitoa kozi ya miaka miwili bila ada kwa walimu wa vijijini. Kozi hiyo iliwafundisha elimu ya viumbe na mazingira ili wawafundishe watoto. Evans alivutiwa na sayansi, akaendelea kusoma hapo hapo hadi kupata shahada ya kwanza katika elimu ya bakteria mwaka 1909. Baadaye alipata ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwanamke wa kwanza kupewa ufadhili huo wa fani ya bakteria. Alihitimu shahada ya uzamili mwaka 1910. Hakuendelea na shahada ya uzamivu, jambo ambalo wapinzani wake walilitumia baadaye dhidi yake.

Kazi katika Wizara ya Kilimo

Mwaka 1910 Evans aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika kitengo cha maziwa cha Idara ya Mifugo. Alianza kazi mjini Madison, Wisconsin, akichunguza bakteria wanaoipa jibini ya chedari ladha yake. Mwaka 1913 alihamia Washington, D.C., ambako wizara ilikuwa imefungua maabara mpya. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa na ajira ya kudumu kama mtaalamu wa bakteria katika kitengo hicho.

Kazi yake Washington ilikuwa kuchunguza bakteria waliomo ndani ya maziwa yanapotoka tu kwenye kiwele, kabla hayajaguswa na ndoo, mikono au vumbi. Watu wengi waliamini kwamba maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi kutoka kwa ng'ombe mwenye afya ni salama kabisa. Hatari, kwa maoni yao, iliingia baadaye kwa uchafu. Evans alikuta kwamba sivyo. Ndani ya kiwele cha ng'ombe asiye na dalili yoyote mlikuwa na bakteria wa kutupa mimba, wakizaliana na kutoka pamoja na maziwa.

Bakteria wawili wenye majina mawili

Ili kuelewa ugunduzi wa Evans, ni lazima kujua jinsi bakteria hao walivyopata majina yao.

Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aligundua katika bandama za askari waliokufa kisiwani Malta vijidudu vidogo sana ambavyo aliviona kuwa vya mviringo. Kwa sababu ya umbo hilo aliviweka katika kundi la mikrokoki, na vikaitwa Micrococcus melitensis, kwa jina la kale la kisiwa hicho. Homa waliyoileta ilipanda na kushuka kwa wiki nyingi, ikiambatana na jasho, uchovu na maumivu ya viungo. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, aligundua kwamba mbuzi wa kisiwani walikuwa wameambukizwa ingawa walionekana wazima. Mwaka 1906 jeshi liliacha kuwapa askari maziwa ya mbuzi, na idadi ya wagonjwa kambini ikapungua sana.

Kwa upande mwingine, mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmark, Bernhard Bang, alimgundua bakteria anayewafanya ng'ombe watupe mimba. Yeye aliona umbo la kijiti, kwa hiyo akamweka katika kundi la basili. Bakteria huyo akaitwa Bacillus abortus.

Basi mmoja alihesabiwa kuwa wa mviringo, mwingine kuwa kijiti. Mmoja alikuwa wa mbuzi na binadamu wa Bahari ya Kati, mwingine wa ng'ombe wa Ulaya ya kaskazini na Marekani. Wa kwanza alisomwa na madaktari wa watu katika vitabu vyao, wa pili na madaktari wa mifugo katika vyao. Kwa miaka ishirini hakuna aliyechapisha ulinganisho wa kina wa hao wawili. Majina yenyewe yalikuwa yamejenga ukuta kati yao, na kwa sababu ya ukuta huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaogopa maziwa ya ng'ombe kama yalivyoogopwa maziwa ya mbuzi kule Malta.

Ugunduzi wa mwaka 1917

Evans aliwaotesha bakteria hao wawili katika maabara moja, kwa chakula kilekile na joto lilelile. Chini ya darubini hakuweza kuwatofautisha. Wote walikuwa vijiti vifupi mno, ambavyo mtu angeweza kuvidhania kuwa vya mviringo. Bruce na Bang walikuwa wameona umbo lilelile na kulieleza kwa namna mbili.

Alitumia pia kipimo cha mgandamano. Mtu au mnyama aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili ndani ya damu yake. Majimaji ya damu hiyo, yaani seramu, yakichanganywa na bakteria wanaohusika, bakteria hushikamana na kufanya mabonge madogo yanayoonekana kwa macho. Seramu iliyotengenezwa kwa bakteria wa ng'ombe iliwagandamanisha pia bakteria wa homa ya Malta, na kinyume chake. Kwa kipimo hicho cha kawaida, wawili hao walikuwa kama mmoja.

Alitoa matokeo yake mwaka 1917 katika mkutano wa Chama cha Wanabakteria wa Marekani, na mwaka 1918 yakachapishwa katika jarida la magonjwa ya kuambukiza. Katika makala hiyo aliuliza swali lililofuata kimantiki: ikiwa bakteria hao wanafanana kiasi hicho, je, Wamarekani wanaokunywa maziwa mabichi ya ng'ombe hawaugui homa ya aina ya Malta bila madaktari kuitambua?

Upinzani

Jibu la wengi lilikuwa kutoamini. Walisema kwamba kama bakteria hao wangekuwa ndugu wa karibu kiasi hicho, mtaalamu mwingine angekwisha kuliona jambo hilo zamani. Waliongeza kwamba mamilioni ya watu walikuwa wakinywa maziwa mabichi na hakuna homa ya Malta iliyoripotiwa kutoka kwa ng'ombe. Evans alikuwa mwanamke, hakuwa na shahada ya uzamivu, wala hakuwa daktari wa watu au wa mifugo. Biashara ya maziwa nayo haikupenda kusikia kwamba bidhaa yake inaweza kuleta maradhi.

Mpinzani mwenye uzito mkubwa zaidi alikuwa Theobald Smith, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa Marekani. Smith alikuwa ameshiriki kuonyesha kwamba kupe hueneza homa ya ng'ombe ya Texas. Tena alikuwa ametofautisha bakteria wa kifua kikuu wa ng'ombe na yule wa binadamu. Sifa yake katika kutenganisha bakteria wanaofanana iliyafanya maneno yake yasikilizwe kuliko ya mtafiti kijana. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa kufanana katika maabara hakutoshi kuonyesha kwamba bakteria wa ng'ombe humwuguza mtu.

Ugumu ulikuwa katika ugonjwa wenyewe. Dalili za brusela kwa binadamu hufanana na za malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu na mafua makali. Daktari asiyeutarajia ugonjwa huo hakuagiza kipimo chake, na pasipo kipimo hapakuwa na mgonjwa wa kuhesabiwa. Hivyo kukosekana kwa wagonjwa kwenye kumbukumbu kulitumiwa kama ushahidi kwamba ugonjwa haupo.

Uthibitisho na jina jipya

Mwaka 1920 Karl F. Meyer na mwenzake huko California walirudia ulinganisho na kupata matokeo yaleyale. Walipendekeza bakteria hao waunganishwe katika jenasi moja, itakayoitwa Brucella kwa heshima ya David Bruce. Ndiyo maana bakteria hao leo huitwa Brucella melitensis na Brucella abortus. Wa tatu, Brucella suis, ni yule wa nguruwe, ambaye Jacob Traum alikuwa amemgundua mwaka 1914. Bruce mwenyewe anakumbukwa pia katika historia ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mwaka 1903 alikuja Uganda kuchunguza ugonjwa wa malale na kuonyesha kwamba mbung'o ndio wanaoueneza.

Katika miaka iliyofuata wagonjwa walianza kutambuliwa mmoja baada ya mwingine, Marekani na nchi nyingine, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kugusa mbuzi wala kufika Bahari ya Kati. Wakulima, wachinjaji na madaktari wa mifugo walikuwa wengi miongoni mwao. Evans alikusanya bakteria kutoka kwa wagonjwa na mifugo wa nchi mbalimbali na kuwagawa katika aina ndogo kwa kipimo kikali zaidi cha seramu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hoja yake ilikuwa imekubaliwa kwa jumla.

Kuugua kwake

Mwaka 1918 Evans alikuwa amehamia Maabara ya Afya ya serikali, chini ya Huduma ya Afya ya Umma, ambayo mwaka 1930 iligeuka kuwa Taasisi ya Taifa ya Afya. Huko alianza na uchunguzi wa homa ya uti wa mgongo, kisha akarudia kazi yake juu ya brusela.

Mwezi Oktoba 1922 aliambukizwa akiwa kazini. Kwa miaka ishirini na zaidi afya yake ilipanda na kushuka. Kuna vipindi alifanya kazi kama kawaida, na vingine alilazwa hospitali. Kwa kuwa brusela sugu ilikuwa haijulikani vizuri, kwa miaka kadhaa alihesabiwa kuwa mgonjwa wa neva, maana yake mtu anayejidhania kuumwa. Mwaka 1928, katika upasuaji uliofanywa kwa sababu nyingine, vidonda vilionekana ndani ya mwili wake na bakteria wa brusela wakaoteshwa kutoka humo. Tangu hapo hapakuwa na shaka juu ya ugonjwa wake.

Mkasa huo ulimfanya awatetee wagonjwa wengine wa muda mrefu walioitwa wavivu au wenye kujisingizia. Aliandika kuhusu brusela sugu akisisitiza kwamba kushindwa kwa kipimo kuonyesha ugonjwa si uthibitisho kwamba mgonjwa hana ugonjwa.

Maziwa salama

Suluhisho lilikuwa limekwisha kujulikana kabla ya Evans, nalo ni joto. Njia iliyopewa jina la Louis Pasteur, yaani upasteurishaji, ni ya kupasha maziwa moto bila kuyachemsha. Katika njia ya zamani maziwa hushikiliwa kwenye nyuzi joto 63 kwa dakika 30. Katika njia ya viwanda vya leo ni nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto hilo huua bakteria wa brusela pamoja na wale wa kifua kikuu cha ng'ombe.

Miji kadhaa ilikuwa na sheria za upasteurishaji tangu mwanzo wa karne ya 20, hasa kwa ajili ya kuzuia kifua kikuu. Mchango wa Evans ulikuwa kuongeza sababu ambayo haikuweza kukwepwa kwa hoja ya usafi. Mkamuaji msafi na ng'ombe mnene havikutosha ikiwa bakteria wametoka ndani ya kiwele. Kidogo kidogo upasteurishaji ulikuwa kanuni ya kawaida nchini humo. Mwaka 1934 Marekani ilianza pia mpango wa kupima ng'ombe na kuwaondoa walioambukizwa. Mwaka 1947 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 6,000 wa brusela nchini humo. Siku hizi ni takriban mia moja tu kwa mwaka.

Miaka ya baadaye

Evans aliiwakilisha Marekani katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa mikrobiolojia uliofanyika Paris mwaka 1930, na katika wa pili uliofanyika London mwaka 1936. Katika sehemu ya mwisho ya kazi yake alichunguza streptokoki, bakteria ambao baadhi yao huleta homa nyekundu aliyougua utotoni. Alistaafu mwaka 1945. Baada ya hapo alikuwa rais wa heshima wa kamati ya nchi za Amerika kuhusu brusela. Pia alikuwa akihutubia wanawake vijana kuhusu kazi za sayansi.

Hakuolewa. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 85, alipinga sharti lililokuwa katika fomu ya bima ya afya ya wazee, lililomtaka mwombaji akane kuwa mfuasi wa vyama vya Kikomunisti. Alidai kwamba sharti hilo linavunja uhuru wake wa maoni. Mwaka 1967 Wizara ya Sheria ilikubali kwamba sharti hilo lilikuwa kinyume cha katiba.

Alifariki dunia tarehe 5 Septemba 1975 huko Alexandria, Virginia, kutokana na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 94.

Vyuo kadhaa vilimtunuku shahada za heshima, kikiwemo Chuo Kikuu cha Wisconsin alikosoma. Mwaka 1993 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wanawake Mashuhuri wa Marekani. Chama alichokiongoza, ambacho sasa huitwa Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani, hutoa tuzo yenye jina lake kwa watu wanaowainua wanawake katika fani hiyo.

Uainishaji wa kijenetiki baada yake

Evans alifanya ulinganisho wake kwa darubini, seramu na wanyama wa maabara, miaka mingi kabla ya kujulikana kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi wa viumbe. Njia za kijenetiki zilipokuja, zilimpa haki kuliko wapinzani wake walivyoweza kufikiri. Mwaka 1985 watafiti wa Ufaransa walilinganisha DNA za aina mbalimbali za Brucella wakakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90, hata wakapendekeza zote zihesabiwe kuwa spishi moja. Hata hivyo, majina ya zamani yameendelea kutumika, kwa kuwa yanamsaidia daktari kujua mnyama gani ashukiwe. Mwaka 2002 jenomu kamili za Brucella melitensis na Brucella suis zilichapishwa. Kila moja ina takriban jozi za herufi milioni 3.3, zilizogawanyika katika kromosomu mbili za duara.

Kufanana huko kunaleta tatizo jipya: ikiwa bakteria wote ni karibu sawa, utajuaje aliyemwuguza mtu fulani ametoka kundi lipi la mifugo? Jibu limo katika tofauti ndogo sana. Katika DNA ya Brucella kuna sehemu ambapo kipande kifupi hurudiwa mara kadhaa mfululizo, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya ukoo mmoja wa bakteria na mwingine. Njia moja inayotumika sana huhesabu marudio katika sehemu 16. Orodha ya hesabu hizo huwa kama alama ya kidole. Njia nyingine husoma jenomu nzima na kutafuta herufi mojamoja zilizobadilika. Bakteria wa mgonjwa na wa mbuzi wakiwa na alama zinazolingana, na mgonjwa akiwa amekunywa maziwa ya kundi hilo, chanzo kimepatikana.

Jambo hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Brucella abortus na Brucella melitensis wote wapo katika mifugo ya eneo hili, na maziwa mabichi hunywewa katika jamii nyingi za wafugaji. Mgonjwa mwenye homa ya kurudiarudia bado hutibiwa malaria au homa ya matumbo kabla ya mtu kufikiria brusela, sawa na ilivyokuwa Marekani mwaka 1918. Kujua ni aina gani inayozunguka husaidia kuamua ni mnyama gani wa kuchanjwa kwanza, ng'ombe au mbuzi na kondoo, kwa sababu chanjo zao ni tofauti. Kwa mnywaji wa nyumbani, kinga ni rahisi zaidi: kuchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na kutogusa kwa mikono mitupu kondo la nyuma wala mtoto wa mnyama aliyetupwa.